Inspekta wa Manyoya

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajatia mguu shimoni, kuku ndiye alitangulia.

Lakini hakuitwa kuku. Aliitwa Inspekta, kwa sababu zamani, kampuni ya wazungu ilipokuwa bado inachimba dhahabu hapo, kulikuwa na bwana mmoja mwenye soksi za kufika magotini, inspekta wao, aliyekuja na taa ya kioo na wavu. Anashuka kupima hewa, anapanda, anakohoa, anakwenda kunywa chai. Dhahabu ilipopungua kampuni ilifunga virago. Iling'oa pampu, ikang'oa reli, ikang'oa hata mabati ya choo, na ile taa ikaenda na mwenyewe. Kitu walichoshindwa kubeba ni mashimo tu. Uhuru ukaja ukayakuta pale pale, nyasi zimefika kiunoni, chini ya barabara ya kwenda Mukumu, na Lazarus Mukabwa akasema kama wao wameenda na taa, sisi tuna kuku. Kila kuku aliyeshuka akalirithi jina hilo.

Lazarus alikuwa fundi wa pampu wa kampuni siku za ujana wake, kwa hiyo katika watu watatu wa shimo lile yeye ndiye mkubwa. Wa pili alikuwa Kimutai, Mnandi aliyeteremka kutoka mlima wa kwao kutafuta kibarua, mtu wa mabega kama mlango wa kanisa. Wa tatu alikuwa Cleophas, ndugu ya Selpher, mke wa Lazarus. Yaani shemeji.

Mambo yalikwenda hivi. Kikapu cha kuku kilifungwa kwenye kamba ya katani, na kamba ilizungushwa kwenye winchi ya mti waliyoichonga wenyewe, yenye mkono huku na mkono kule. Kwenye kamba Lazarus alifunga vitambaa viwili. Cheupe kilionyesha nusu ya shimo, chekundu kilionyesha mwisho. Kitambaa chekundu kikitoka kwenye winchi na kuning'inia juu ya mdomo wa shimo, ujue kikapu kimekaa chini kabisa, pale pale mtu atakaposimama. Halafu Kimutai anawasha sigara. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao. Sigara ikiisha, wanapandisha. Inspekta akirudi anapiga kelele za kutukana watu, kazi inaanza. Akirudi shingo imelala, kila mtu anakwenda kwake.

Mshumaa walijaribu. Lakini kuta za shimo lile zilivuja toka juu mpaka chini, na mshumaa ukirudi umezimika ulikuwa huwezi kujua umezimwa na hewa mbaya au na tone la maji. Kuku angalau hazimwi na tone.

"Nyinyi watu mnaweka maisha yenu kwa kichwa ya kuku," Kimutai alikuwa akisema. "Kichwa yenyewe kama kunde."

"Lete ng'ombe ya kwenu basi," Cleophas anamjibu. "Tuone kama itaenea kwa kikapu."

"Ng'ombe ya kwetu iko na akili. Haiwezi kubali."

Cleophas alikuwa amesoma uinjinia Nairobi miaka miwili. Wa tatu haukuisha. Siku moja aliisogeza mbele saa kubwa ya chuo, na chuo kizima, walimu na wanafunzi, kikaenda kula kabla ugali haujaiva. Wakubwa hawakucheka. Alirudi Kakamega na sanduku la mbao, suruali moja nzuri, na maneno mengi kuhusu vipimo, ambayo aliyatoa bure kwa yeyote aliyekaa karibu.

"Kila kipimo kina uongo wake, mulamwa," alimwambia Lazarus, akimwita shemeji kwa lugha ya kwao. "Kipimo ni kama fundi wa cherehani. Akikwambia nguo iko tayari Ijumaa, usiulize kama anadanganya. Uliza anadanganya kwa siku ngapi."

Lazarus alicheka mpaka akashika mbavu. Alimpenda yule kijana kuliko alivyoonyesha. Na hapo ndipo penye maneno yetu.

Basi ikafika asubuhi moja Inspekta akarudi amekufa. Wiki ile ile walikuwa wamefika kwenye jiwe jeupe lenye nyuzi za njano ndani yake, nyembamba kama za kushonea, na kila mmoja alikuwa ameshajenga nyumba ya mabati kichwani. Walimtazama yule kuku pale kikapuni, macho yamefumba, miguu juu. Hakuna aliyebishana. Walifunika shimo kwa miti, wakaondoka.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa sawa. Lakini siku hizo hizo kideri kikaingia. Ule ugonjwa wa kuku ulitoka upande wa Navakholo, watu walisema, na gari la sokoni, ukashuka boma kwa boma kama mtoza kodi. Kuku anaamka anazunguka, shingo imepinda, jioni yuko kwa majivu. Selpher, ambaye kwa desturi ya kwao mwanamke hata mchuzi wa ingokho, yaani kuku, haonji, aliwafuga wale kuku kama watoto, na aliwazika zaidi ya nusu.

Cleophas alikaa kwenye kizingiti cha jikoni, akamtazama mmoja akipinda shingo, kisha akamgeukia Lazarus.

"Mulamwa, Inspekta wetu alitoka boma gani?"

"Hapa hapa."

"Basi alikuwa mgonjwa kabla ya kushuka. Hakuuawa na hewa. Amekufa na kideri akiwa kazini. Angekuwa karani wangemlipa."

Maneno yalikuwa na maana. Tena mawingu yalikuwa yameanza kupandana juu ya msitu kila mchana, na mvua ndefu zikishika, shimo linajaa maji na hakuna pampu. Lile jiwe jeupe lingelala chini ya maji mpaka kiangazi kingine, kama si mtu mwingine kuja kulitoa.

Selpher alikuwa akisonga obusuma, ugali wa kwao. Aliwasikia wote wawili, akangoja mpaka ndugu yake ametoka nje.

"Baba Mildred."

"Naam."

"Huyo ni mmoja. Mama yangu Navalayo alizaa wavulana wanne, na huyo ndiye amebaki. Unajua."

"Najua."

"Mimi sijui hewa, sijui dhahabu. Nakuambia tu kwamba ni mmoja."

"Hatashuka mpaka niwe na hakika."

"Hakika ya nani? Ya kuku?"

"Yangu mimi," Lazarus akasema.

Selpher aligeuza mwiko mara mbili, tatu. "Haya," akasema.

Ili Lazarus apate hiyo hakika, Cleophas akaja na mpango, na ukweli usemwe, ulikuwa mpango mzuri. Wachukue kuku wawili wa boma moja, wamekula pamoja, wamelala pamoja. Mmoja ashuke. Wa pili akae juu kwenye kivuli, asifanywe kitu. "Wa chini akifa na wa juu akiwa mzima, hewa ni mbaya, tunarudi nyumbani. Wakifa wote, hatujajua kitu, tunarudi nyumbani. Lakini wa chini akirudi mzima, tunashuka, hata kama wa juu amekufa mara mbili."

"Kuku ya juu inafanya kazi gani?" Kimutai aliuliza.

"Kazi yake ni kutofanya kazi."

"Basi hiyo ndiyo inspekta ya kweli."

Walifungua shimo. Pale kwenye mdomo palinuka matope na mti uliooza. Kimutai aliinama kuchungulia, akarudi nyuma akijishika paji la uso, akasema kichwa kinamgonga. "Ni ile busaa ya jana," Cleophas akamwambia, na Kimutai, ambaye kweli busaa ya jana alikuwa ameinywa mpaka mrija ukalia, hakukataa.

Kikapu kikashuka. Lazarus alishika mkono mmoja wa winchi, Kimutai wa pili. Kitambaa cheupe kikatoka, kikapita. Wakazungusha zaidi. Halafu, kabla chekundu hakijatokea, kamba ikalegea.

"Imefika," Kimutai akasema.

"Chekundu bado." Lazarus alikiona, kimejikunja kwenye winchi chini ya mizunguko ya kamba iliyobaki.

"Mzee, juzi ile mvua ya mawe iliangusha hata ukuta ya kanisa. Hapa udongo haikuanguka? Chini imejaa. Shimo imekuwa fupi."

Lazarus aliitikisa kamba. Ilikuwa imelegea vizuri, kama ya kikapu kilichokaa. Alimtazama Cleophas. Cleophas aliinua mabega.

"Inawezekana. Tutachota matope kwanza, ndiyo hasara yetu."

Kimutai akawasha sigara. Ilipoisha wakapandisha, na Inspekta akatoka mle ndani amekasirika kama mke wa chifu, akamdonoa Cleophas kwenye kidole gumba. Cleophas alirukaruka akipiga kelele za furaha. Kisha wakageuka kumtazama yule wa juu. Alikuwa amelala ubavu kwenye kivuli chake, shingo imepinda, ameshakufa.

"Inspekta amekufa akiwa likizo!" Cleophas alisema, na wote watatu wakacheka, hata Lazarus, mpaka machozi.

Ni vizuri kuelewa walichokuwa nacho mkononi wakati ule. Kuku wa kwanza alikufa: kideri. Kimutai anaumwa kichwa: busaa. Kitambaa hakikutoka: udongo. Kila shaka lilikuwa limepata jibu, tena jibu zuri, ambalo hata wewe ungelikubali. Hakuna aliyeyachukua mashaka yote akayaweka kwenye kikapu kimoja, akanyanyua, akasikia uzito.

"Nitashuka mimi," Lazarus akasema.

"Wewe?" Cleophas alimpima kwa macho toka juu mpaka chini. "Mulamwa, na hilo tumbo, mimi na Kimutai tutakushusha vizuri. Kukupandisha tutaita kijiji. Na jiwe lenyewe utalijua ukiliona? Mimi ndiye niliacha alama."

Lilikuwa neno la kweli. Kijana alikuwa mwepesi, na mahali pale alipajua. Lazarus alimtafuta kuku tena kwa macho. Alikuwa anaparura udongo, anakula.

"Ukifika, vuta kamba mara mbili," akasema. "Usitoke kwa ndoo kabla hujavuta."

"Ndiyo, bwana mkubwa." Cleophas akapiga saluti, akaingia kwenye ndoo kubwa ya kushushia watu, nyundo kiunoni, akashuka akiimba wimbo wa harusi na kuharibu maneno yake kwa makusudi.

Kitambaa cheupe kikatoka. Punde sauti ikapanda kutoka chini, ikigonga kuta.

"Kuna boriti ya kampuni hapa! Imeanguka, imelala kwa njia!"

"Uko sawa?" Lazarus akaita.

"Naisukuma kwa mguu! Haya, imekwenda!"

Wakasikia kitu kizito kikigonga ukuta, kikigonga tena, halafu mshindo mzito mbali sana chini. Kimutai akacheka. Wakaendelea kuzungusha. Lazarus alikuwa anazungusha tu, akifikiria jiwe jeupe na gunia la kulibebea, na kitambaa chekundu kikatoka kwenye winchi, kikapita mbele ya macho yake, kikaning'inia juu ya shimo.

Alikitazama.

Kama udongo ulikuwa umejaa, kitambaa kile hakikutakiwa kutoka. Kama kimetoka, shimo halijafupika hata kidogo. Na kama shimo halijafupika, kikapu kilikuwa kimekaa wapi, wakati Kimutai anavuta sigara yake? Juu ya boriti. Kuku alikuwa ameketi katikati ya shimo, kwenye hewa nzuri, kama mtu aliyetumwa Mumias akaishia njiani na kurudi na habari za Mumias.

"Vuta!" Lazarus alipiga kelele. "Kimutai, vuta! Vuta!"

Wakavuta. Kamba ilikuja nyepesi. Winchi ilizunguka kama ya mchezo, na ndoo ikafika juu tupu.

"Cleophas!"

Maji yalidondoka. Hakuna kingine.

"Cleophas! Ee!"

"Anatuchezea," Kimutai akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba iwe hivyo. Kwa sababu Cleophas alishawahi kuwafanyia hivyo. Siku moja alinyamaza kule chini mpaka Kimutai akaanza kusali kwa Kinandi, ndipo akaangua kicheko na kusema amina. Na kwa sababu ya siku ile, Lazarus naye aliacha pumzi kadhaa zipite, akitega sikio, akingoja amina.

Kimutai alikuwa anavua shati. Alishatia mguu mmoja kwenye ndoo Lazarus alipomkamata shingoni kutoka nyuma, wakaanguka wote wawili kwenye matope.

"Niache! Anakufa!"

"Ukishuka, nitatafuta wa kupandisha watu wawili."

"Ni shemeji yako, mzee!"

"Namjua ni nani!" Lazarus alikuwa amemkalia kifuani. "Kimbia nyumbani. Mwambie Selpher alete kuku wote. Wote. Na watu, kila mtu mwenye mikono. Kimbia!"

Kimutai akakimbia.

Mvua ikaanza, ile ya Kakamega isiyobisha hodi, baridi, yenye chembe za barafu ndani yake. Lazarus alikata matawi kwa panga, akayafunga mzigo mkubwa, akaufunga kwenye kamba. Hii aliijua kutoka kampuni: hewa mbaya imelala chini kama maji kwenye sufuria, na ukiipiga kwa majani, juu na chini, juu na chini, inachanganyika na nzuri. Akashusha, akapandisha, akashusha. Peke yake kwenye winchi ya watu wawili. Kamba ilikuwa imelowa, inamchuna viganja, na kila ilipopanda ilimmwagia maji ya barafu mikononi. Kila baada ya muda alisimama, akaita jina. Kisha akaendelea.

Watu wakaja, wa barabarani, wa sokoni, na Selpher mbele yao, kitenga cha kuku kichwani. Hakulia. Alikitua chini, akamtazama mumewe.

"Ni Cleophas?"

"Ni Cleophas."

"Lete kikapu," akasema.

Safari hii Lazarus alitia jiwe kikapuni, pande zima la jiwe, ili hata boriti ishindwe kukizuia. Kitambaa chekundu kikatoka. Wakangoja. Kuku akarudi amekufa. Wanaume wakashika winchi kwa zamu, matawi yakapanda na kushuka, watu wanahema, mvua inapiga migongo. Kuku wa pili akarudi anafumba na kufumbua jicho moja, akafia mikononi mwa Selpher. Wakapiga matawi tena. Mzee mmoja akaanza kusali, mwanamke mwingine akamwambia asali huku anavuta.

Wa tatu akarudi amesimama.

Alikuwa amelowa, mdomo wazi, lakini amesimama kwa miguu yake miwili. Watu wakapiga kelele. Selpher akamshika Lazarus kwa mkono wa shati.

"Ni mzima. Shuka!"

Lazarus aliinama akalitazama jiwe. Chini yake palikuwa na matope mabichi, ya kule kule sakafuni. Kitambaa chekundu kilitoka, alikiona mwenyewe, alikishika. Kila kitu kilikuwa sawa safari hii. Hapakuwa na boriti wala kideri, maana hawa ndio kuku waliougua wakapona. Hapakuwa na shaka hata moja lililohitaji jibu. Na hilo ndilo lilimtisha.

"Mwingine," akasema.

"Baba Mildred."

"Hata ile ya asubuhi ilirudi nzima, Selpher. Ilirudi ikidonoa watu. Mmoja si kitu. Nipe mwingine."

"Ndugu yangu yuko chini!"

"Na mimi nikianguka juu yake, nani atashuka? Huyu Kimutai? Halafu nani? Nipe mwingine!"

Akampa. Akamtupia, hasa. Kikapu kikashuka, kitambaa kikatoka. Kimutai alijaribu kuwasha sigara ili wajue muda, lakini kiberiti kilikuwa uji. Basi hakuna aliyejua wamengoja kiasi gani. Wengine baadaye walisema kidogo tu. Wengine walisema ungeweza kwenda Mukumu kwa miguu ukarudi. Walipopandisha, kuku alikuwa hai, tena anapiga kelele.

Lazarus alikuwa ameinama kikapuni, maji yanamtiririka puani, anageuza kichwa cha kuku huku na huku akimtazama macho, na mdomo wake ukafunguka tena.

"Mwi—"

Selpher alipanda kwenye ndoo. Aliinua gauni lake mbele ya wanaume wote wale, akaingia mguu mmoja, akaingia wa pili, akashika kamba.

"Kimutai, nishushe."

Ndipo Lazarus akamwinua kwa kiuno, akamweka kando kama mtu anavyomweka mtoto mbali na moto, akaingia yeye. Wanaume sita walishika winchi.

Chini hewa ilikuwa nzito, yenye ladha ya sarafu ya zamani, lakini iliingia kifuani na kutoka. Cleophas alikuwa karibu na ukuta, amelala ubavu, shavu juu ya mkono, kama mtu aliyejinyoosha baada ya chakula. Nyundo bado iko kiunoni. Hakuwa amefika hata kwenye jiwe jeupe.

Lazarus akapiga magoti kwenye maji. Akaingiza mkono chini ya shati la kijana, kifuani, kwapani.

Palikuwa moto.

Moto kabisa, kama chini ya mbawa za kuku anayelalia. Moyo wa Lazarus uliruka. Akabonyeza vidole shingoni mwa Cleophas na akasikia mapigo, ta, ta, ta, ya haraka, yenye nguvu. "Yuko! Yupo hai!" alipiga kelele kuelekea juu, na kule juu watu wakalia kwa shangwe. Alimfunga kifuani kwa mshipi na kamba, akamkumbatia, wakavutwa pamoja. Njiani aliweka sikio kwenye mdomo wake. Hakusikia kitu. Maji yanadondoka, winchi inalia, ni kawaida kutosikia. Akaweka vidole shingoni tena, na mapigo yalikuwepo tena, na safari hii akahesabu na moyo wake mwenyewe, na akaona yanakwenda pamoja, moja na jingine, hata kwa nusu pigo hayaachani. Akatoa vidole akavibonyeza kwenye ukuta wa shimo. Jiwe nalo lilikuwa na mapigo.

Juu walimlaza kwenye nyasi. Kulikuwa na mwanaume mmoja aliyekuwa msaidizi wa daktari jeshini, Burma huko. Alimgeuza, akambonyeza mgongo, akamgeuza tena, akamfungua jicho kwa kidole gumba. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa heshima. Kisha akaomba gunia.

Kimutai alikwenda akasimama nyuma ya winchi, uso kwenye mti.

Selpher alikuwa ameketi karibu na kichwa cha ndugu yake. Mvua ilikuwa imepungua, inanyunyiza tu. Kuku waliobaki walikuwa wamejikusanya chini ya kitenga.

"Ulisema yuko hai," akasema.

"Nilisema."

"Kwa nini ulisema?"

"Alikuwa na joto. Nilimshika hapa." Lazarus akajionyesha kwapani. "Alikuwa moto, Mama Mildred. Ungedhani amelala."

"Basi alikuwa bado hai tulipokuwa tunapima kuku."

Lazarus alivuta pembe ya gunia ikafunika miguu.

"Mama ataniuliza. Akija hapa hataniuliza kitu kingine. Niambie nimwambie nini. Alikufa asubuhi ile ile alipofika chini, au alikufa mimi nikiwa nimesimama hapa na kuku mkononi?"

"Alikuwa moto," Lazarus akasema tena, polepole.

Selpher akanyoosha mkono, akauchukua mkono wa mumewe, ule ule, akauweka kwenye shingo yake mwenyewe. Akaruka. Ulikuwa baridi kama kitu kilichotolewa mtoni, umekunjamana, mweupe kwenye viganja, umekuwa ndani ya mvua na kamba tangu asubuhi. Mkono kama ule hata mzizi wa mgomba ungeuona moto.

"Ni huu?" akauliza. "Ulimpima na huu?"

Lazarus aliutazama mkono wake kama umeletwa na mtu mwingine.

Selpher akauachia. Aliingiza viganja vyake mwenyewe kwapani, chini ya nguo, akavibana hapo, akajikunja juu yavyo, akangoja vipate joto. Watu walisimama wakimtazama, na hakuna aliyemwambia kitu, hata yule msaidizi wa daktari, aliyejua kwamba muda ulikuwa umeshapita wa mkono wowote kusema lolote. Kutoka barabarani sauti ya mwanamke mzee ilianza kusikika, inaita jina la mtoto wake, inakaribia. Selpher akautoa mkono wake, akaupulizia pumzi, akaupenyeza chini ya gunia.

Akakaa hivyo, kichwa kimeinama. Watu wakangoja aseme. Hakusema.